Nafasi ya Mtu Kwenye Meli

Ngo, ngo, ngo. Kimya kidogo, halafu ngo moja zaidi, na nyuma yake kicheko. Katika sauti zote za mwaka ule, hiyo ndiyo niliyobaki nayo: Nafisa anagonga ubavu wa meli ya vita kwa pete yake, Khartoum, kando ya mto, Ijumaa asubuhi, na mimi nimeibana simu sikioni ndani ya studio ya picha Arua, jenereta ya jirani ikinguruma nyuma ya ukuta. Chuma kile kilikuwa kitupu ndani. Sauti iliingia, ikazunguka, ikarudi imechoka, kama mtu amebisha hodi kwenye nyumba kubwa iliyohamwa. "Umesikia?" aliniuliza kwenye ule ujumbe wa sauti. "Huyo ndiyo babu yako. Yeye nauliza, wewe nakuja lini?"

Mama yake Nafisa, ambaye mimi namwita Khalti Zamzam kwa kuwa ni dada wa mama yangu, tumemzika Koboko hivi karibuni. Baada ya mazishi nilikaa chumbani mwake na wanawake wengine, migongo ukutani, juu yetu zimetundikwa tabaga zake, vile vifuniko vya chakula alivyosuka kwa mkono wake, vyekundu, kijani, zambarau, mpaka karibu na bati. Chumba kilikuwa bado kinanukia udi wake. Mtu alikuwa anagawa chai ya tangawizi. Mama mmoja akasema polepole, kama anayejisemea mwenyewe, sasa nani atauliza habari za Nafisa. Vikombe viliendelea kupita mkono kwa mkono. Nami nikapokea changu, nikanywa, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya akipewa chai msibani, lakini njia nzima ya kurudi Arua niliendelea kulirudia lile swali. Basi naandika. Kuandika kwangu si kwa mtu aliyesoma sana, mtanisamehe.

Mwaka ule ulianza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikuwa nimeacha sekondari katikati, nikapata kazi studio kwa mzee mmoja Mlugbara aitwaye Adriko, ambaye nilimwita Bosi, mtu mnene, mpole, mzee wa kanisa, anayecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Nililala mtaa wa Awindiri, kwenye chumba cha nyuma cha mama muuza samaki wakavu, na nguo zangu zote zilinukia samaki, hata za Ijumaa. Sikujali. Asubuhi nilifungua studio, nikafagia, nikapangusa vumbi kwenye kile kiti cha duara cha kukalia wateja, nikawasha kompyuta na kuiombea. Studio ilikuwa chumba kimoja: ukuta mweupe, taa mbili za miguu mirefu, kioo na kitana kilichofungwa kamba kisiibiwe. Mchana Bosi alileta enyasa, ugali wa muhogo, na majani ya kunde kutoka kwake, tukala kwenye meza ileile ya kukatia picha, tumesogeza mikasi pembeni.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kumtoa mtu pale ukutani na kumpeleka anakotaka. Ndani ya kompyuta tulikuwa na Makka, tulikuwa na ndege, tulikuwa na bustani ya waridi na mji wenye maghorofa. Mtu alitoka Omugo na vumbi mpaka magotini, akaondoka na picha amesimama kwenye theluji. Kulikuwa pia na kazi ya kuunganisha, na hiyo karibu kila mara ilikuwa kazi ya marehemu. Familia inaleta picha ndogo ya pasipoti ya baba aliyefariki, tunamkata polepole kuzunguka masikio, tunamsimamisha nyuma ya watoto wake waliovaa nguo za sikukuu. Arua na Koboko kila mtu anaijua picha ya namna hiyo. Ukiingia sebuleni kwa watu ukaona uso mmoja una rangi tofauti kidogo na nyuso za wenzake, huulizi ni nani. Unasema pole, unakaa.

Sasa meli. Mimi sijawahi kuona bahari. Maji makubwa niliyoyaona ni Nile pale Pakwach, nikiwa ndani ya basi, na mtu mbele yangu alikuwa na kichwa kikubwa. Lakini kwenye simu nilikuwa nafuata ukurasa wa wazee fulani wa nchi za mbali ambao kazi yao ni kupiga picha meli za vita za zamani, zile zilizostaafu zikafanywa makumbusho. Sijui niliuangukia vipi. Nilielewa maneno machache tu, picha ndizo zilizonishika: mizinga iliyopakwa rangi upya ikielekea watoto wa shule, ngazi nyembamba za chuma, vitanda vya mabaharia vimetandikwa kana kwamba wenyewe wametoka kidogo kunawa. Wale wazee waligombana kwa heshima kuhusu jua la saa ngapi. Wakanifundisha bila kunijua. Nikajua kwamba meli haipigwi saa sita, kwa kuwa rangi nyeupe inakula picha. Kwamba ukichuchumaa, pua ya meli inakuwa ndefu kama mnara. Kwamba usikate mlingoti. Nilikuwa na ndoto, na nilimwambia kila aliyekaa kwenye kiti cha duara: siku moja nitakwenda na kamera kuzipiga zote, moja baada ya nyingine, popote zilipo. Bosi akaanza kuniita Kapteni. Mteja akiingia aliambiwa, kaa, Kapteni anakuja, na mteja akatazama mlangoni akitarajia mwanajeshi.

Nafisa alikuwa Khartoum akimtunza bibi kizee mmoja kwenye nyumba ya watu wenye nafasi. Alikuwa amenizidi umri kidogo na amenizidi ujasiri sana. Koboko kwetu kila nyumba ya Kinubi ina babu aliyekuja na jeshi kutoka Sudani, na kila mmoja wa mababu hao, ukiwasikiliza watoto wake, alikuwa mtu mkubwa. Khalti Zamzam alikuwa na wake, babu wa babu, aliyepanda meli ya mtoni yenye mizinga kabla ya kutembea kwa miguu huku kusini. Sasa Ijumaa moja ya mapumziko Nafisa akapita kando ya mto, akaikuta meli ya namna hiyo imewekwa nchi kavu, ndani ya shimo, bila tone la maji chini yake. Akanitumia picha moja mbaya sana, imekatwa mlingoti, ina paka, ina kidole chake. Chini akaandika kwamba amemwona babu na babu anahitaji kupakwa rangi.

Nilimjibu kwa ujumbe mrefu kuhusu jua. Akanicheka, lakini Ijumaa iliyofuata alikwenda mapema. Mlinzi, mzee mmoja, hakutaka picha; kule kupiga picha ovyo karibu na mto kuna maneno yake. Nafisa akamletea chai, akamweleza habari za babu wa babu. Yule mzee akamwambia kila anayekuja hapa anasema babu yake aliiendesha. Kwa hesabu hiyo meli hii ilikuwa haina mpishi wala mfagiaji, ilikuwa na makapteni watupu. Halafu akamwachia apande. Nafisa akanipigia akiwa juu, akanitembeza kwa simu: mbao za sitaha zilizooza, mahali pa mzinga palipobaki duara la misumari mikubwa, vichwa vya ribiti vimepangana kwenye bamba za chuma kama vifungo vya kanzu. Paka wanalala kwenye chumba cha kapteni. Nilikuwa nimekaa chini ya meza ili nisikie vizuri, na Bosi akauliza kama Kapteni ameanguka majini.

Kwa utani nikamkata Bosi nikamweka kwenye ile sitaha, tumbo mbele, Biblia mkononi. Nikaisafisha, nikaibandika dirishani. Kabla ya jioni mzee mmoja wa Kinubi, mshona kofia, alisimama nje akaitazama, akaingia akasema huyo Mlugbara anafanya nini kwenye meli yetu. Akataka yake. Akasimama mbele ya ukuta mweupe, akapiga saluti, akabaki na mkono juu hata baada ya taa kuwaka, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia imekwisha. Baada ya hapo wakaanza kuja kutoka Koboko, wazee wenye fimbo, vijana wenye miwani ya jua, bibi harusi mmoja aliyetaka ashike usukani. Bosi akaniambia, "Kapteni, hii watu nataka kwenda vita na ndara." Tukawa tunawaambia wavue.

Lakini picha za Nafisa hazikufaa zote. Alipiga meli nzima, na mtu hawezi kuwekwa kwenye meli nzima, atakuwa kama sisimizi. Bosi akasema mwambie aache nafasi ya mtu. Nikamfundisha: simama kwenye sitaha, shika simu usawa wa kifua, upande mmoja weka reli ya sitaha na mto, upande mwingine acha wazi. Akabuni njia yake. Aliweka ndoo ya mlinzi pale ambapo mtu angesimama, akaielekeza simu kwenye ile ndoo, halafu akaiondoa kabla ya kubonyeza. Picha zikaja safi kabisa. Sitaha, mto, mwanga wa asubuhi, na katikati pale hakuna kitu. Alipiga nyingi, za Idi, kwa sababu nilimwambia Idi studio itajaa. Zile za mwisho zilifika mfungo ukiwa katikati, na alinitumia pia sauti akilalamika kwamba yeye anafunga, mlinzi anafunga, paka peke yao ndio wanakula.

Mapigano yalianza Khartoum siku za mwisho za Ramadhani. Niliyasikia kwanza kwenye redio ya mama muuza samaki, kabla ya daku, na nilifikiri ni kitu kidogo. Nafisa alituma sauti: wamo ndani, wamelala chini ya madirisha, bibi kizee anauliza kila mara ni harusi ya nani. Nyuma ya maneno yake kulikuwa na milio ambayo sitaiandika. Alisema nisimwambie mama yake. Nilipofika Koboko mama yake alikuwa tayari anajua kuliko mimi, amekaa kwenye mkeka na simu kwenye mapaja, anaitazama kama mtu anavyotazama chungu kisichochemka.

Halafu ikafika Idi. Nimejaribu mara nyingi kuieleza ile siku na huwa nashindwa. Studio ilijaa mpaka barabarani. Watoto wenye viatu vipya, mabinti wenye hina mpaka viwiko, manukato yote ya Arua yamebanana ndani ya chumba kimoja. Kila mtu alitaka meli. Nilimwambia Bosi kwa siri tuiondoe, akasema ni sawa, na nikawaambia wateja leo kuna waridi, kuna Makka, kuna ndege. Wakakataa. Mzee mmoja akanishika mkono kwa upole akaniambia, biniya, yaani msichana, kama kule kunaungua basi tupige sasa, tusije tukasema hatukuwahi. Basi nikawapandisha. Familia kwa familia, nikawasimamisha pale alipoacha wazi Nafisa, wanacheka, wananyoosha kanzu, na kila nilipomaliza mmoja nilitoka nyuma nikampigia. Simu iliita, haikushikwa. Nikarudi, nikasema ifuateni taa, msifumbe macho.

Alinipata mara mbili tatu baada ya Idi. Wenye nyumba waliondoka na gari, gari lilijaa. Hakusema kwa uchungu. Alisema tu lilijaa. Mara ya mwisho alisema anatoka asubuhi na wanawake wauza chai, wanakwenda upande wa Kosti, kutoka hapo wataangalia namna ya kushuka Sudani Kusini, na kutoka Juba mpaka Koboko ni kama kwenda msalani. Nilimwambia nitamsubiri Oraba, mpakani, na kisira moto, mkate wetu mwembamba. Alisema niweke bamia nyingi. Baada ya hapo alama moja ya kijivu kwenye kila ujumbe wangu, moja tu, mpaka leo.

Watu walianza kufika. Malori yalivuka Kaya, yakasimama Oraba yamejaa magodoro, wanawake wa Sudani Kusini waliokuwa wamekimbilia Khartoum miaka ya nyuma na sasa wamekimbia tena, na Wanubi wachache, na watoto waliosema Kiarabu kitupu. Mimi na Khalti Zamzam tulikwenda kila nilipopata ruhusa. Khalti alivaa vizuri kila safari, kama anayekwenda kupokea mgeni. Tulikaa kwenye kibanda cha chai, kati ya wabadilisha fedha na mawakala wa forodha waliokuwa wakigombana kuhusu mihuri, na lori likifika tuliinuka. Safari ya kwanza mwanamke mmoja aliniambia nionyeshe picha yake. Nikafungua simu. Nikapitisha kidole. Meli. Meli. Sitaha. Mto. Reli. Nilipitisha kidole mpaka mwanzo kabisa, mpaka kwenye ile ya paka, na Nafisa hakuwamo popote. Yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya simu siku zote. Kidole chake tu, pembeni, na hicho ungesema ni doa.

Yule mwanamke alikuwa bado anasubiri, kwa hiyo nikamwonyesha meli. Akaitazama, uso wake ukafunguka. Akasema hii anaijua, iko karibu na mto, alikuwa anapita pale akienda kuosha nguo za watu. Akawaita wenzake waje waone. Wakakusanyika, wakaishika simu yangu kwa zamu, mmoja akasema hata mlinzi wake anamjua, mzee mwenye maneno. Walifurahi kwa dakika ile kama watu walioonyeshwa mtaa wao. Khalti akawauliza, na msichana aliyekuwa anakuja hapo Ijumaa? Hawakumjua. Meli nzima waliijua, na mbao zilizooza waliziona, ila msichana hapana. Tulirudi Koboko. Kwenye magoti yake Khalti alikuwa ameshika chombo cha kisira, bado kimefungwa kitambaa.

Mvua zikaja, zikaisha. Nilikuwa nalala kwa Khalti mara kwa mara, na kuta za nyumba ile hazifiki juu kabisa, kwa hiyo maneno ya sebuleni yanaingia chumbani kama moshi. Jioni moja niliwasikia kaka zake Khalti. Walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini, ile ya watu wanaojiona wana huruma. Walisema muda umepita. Walisema tuite masheikh, tumsomee mtoto hitima, chakula kitolewe, dada yetu apumzike, hata akilala sasa halali. Mmoja akasema kama bado yu hai dua haitamdhuru. Mwingine akasema hapana, ukishasoma umeshasema. Khalti alikuwa jikoni muda wote huo, na kwa namna alivyokuwa akikoroga nilijua anasikia kila neno. Alipoleta chakula alikiweka chini, akafunua tabaga, akawaambia, "Kuleni. Hii chakula ni ya leo tu." Wakala. Hakuna aliyeendelea na lile jambo mbele yake, lakini nyuma yake liliendelea, na nyumba za jirani zikaanza kumpa pole Khalti bila kusema ni pole ya nini.

Ndipo Khalti akaja Arua. Sikumtarajia. Niliinua kichwa, yuko mlangoni, amejifunika vizuri, mfuko mkononi. Bosi akatoka akamletea soda, akamwamkia kwa Kiswahili chake cha heshima. Khalti akakaa kwenye kiti cha duara, akatoa kwenye kitambaa pasipoti ya Nafisa, ile ya kitambulisho, uso umekazwa kama anayekemewa. Akaniambia nifungue meli. Nikazifungua moja moja, naye akazitazama zote kwa utulivu, mara nyingine akinizuia nisiharakishe. Kwenye moja ya zile za mwisho akaweka kidole juu ya kioo, pale katikati, penye mbao na mwanga tu.

"Weka yeye hapa," akasema. "Hapa iko nafasi."

Nilimtazama Bosi, Bosi akatazama sakafu. Nilianza kusema Khalti, watu tunaowaweka hivi kwa kawaida ni, nikashindwa kumaliza. Akanimalizia yeye.

"Mimi najua nyinyi naweka watu gani. Ndugu zangu nataka kusoma, mimi nasema bado. Hii si ya kusoma. Mtoto amepiga picha yote hii, na yeye hayuko ndani hata moja. Mimi nataka ona yeye amesimama."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Bosi akavuta kiti, akamweleza kwa upole sana shida ya kazi: pasipoti inaishia mabegani. Mtu hawezi kusimama bila miguu. Kwa marehemu huwa tunaazima mwili. Tulikuwa nayo mingi kwenye kompyuta, wanaume wa suti, wanawake wa gomesi, imekatwa shingoni, inasubiri. Akamfungulia achague. Khalti akaiangalia ile miili isiyo na vichwa imepangwa safu safu, akageuza uso. Akasema mtoto wake hatamvisha mwili wa mtu asiyemjua. Halafu akanitazama mimi. Akanitazama kuanzia chini kwenda juu, kama mshonaji.

"Sauda, simama."

Nikasimama. Akafungua mfuko wake, akatoa gurbaba, lile vazi letu la kujifunga, ya maua ya bluu. Nafisa aliiacha kwa kuwa hakutaka ichakae kwa kazi za watu. Khalti akasema mimi na yeye urefu ni mmoja, nivae, nisimame, na juu ya mabega yangu uwekwe uso wa Nafisa. Nikashika ile nguo. Na Mungu naye akanihurumia au sijui alinidhihaki, umeme wa Arua ukakatika palepale, kompyuta ikazimika na meli yake, na Bosi akasema mama, leo haiwezekani, rudi nyumbani, tutafanya. Khalti akaacha nguo na pasipoti, akaenda kutafuta gari la Koboko.

Nguo ikakaa kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila asubuhi niliiona, kila asubuhi nikapata kazi nyingine. Bosi hakunisukuma. Alisema mara moja tu kwamba akitaka anaweza kutafuta binti mwingine mwenye urefu kama wangu, nikamwambia hapana kwa ukali ambao sijawahi kumwonyesha. Sikuweza kumweleza hofu yangu, na hata sasa naiona ya kitoto. Miezi ile yote, nilipofungua zile picha, pale katikati palikuwa patupu, na utupu ule nilikuwa nimezoea kuufikiria kama wake. Kama kiti kilichowekewa kitambaa. Nikisimama mimi pale, pamejaa. Akirudi atakuta pamejaa. Na nisiposimama, mama yake yuko Koboko hamwoni mtoto wake popote, na wajomba wanahesabu masheikh. Kulikuwa hakuna njia ya kumsaidia mmoja bila kumfanyia mwingine kitu. Nilikuwa nimefikiri ukiwa na kamera na kompyuta unaweza kumpeleka mtu popote. Nilikuwa nimewapeleka mamia. Huyu mmoja, kutoka Kosti mpaka Koboko, sikuweza kumsogeza hata hatua.

Jumapili Bosi huenda kanisani na familia, na ufunguo unabaki kwangu. Nilifungua mlango wa mbele kidogo tu, mwanga uingie, nikaurudisha. Umeme ulikuwepo. Nikawasha kompyuta nikaifungua ile picha aliyoiwekea kidole Khalti. Jua lilikuwa limepiga reli kutoka kushoto, la mapema, la manjano, lile la wazee wa meli. Kwa hiyo nikabeba taa kubwa nikaihamishia kushoto, nikaishusha, nikaivalisha karatasi ya kahawia ili iwe na joto. Ile ya pili nikaizima. Nikafunga kamera kwenye miguu yake usawa wa kifua. Nikavua viatu. Nikajifunga gurbaba, kwenye pindo lake kulikuwa bado na pini ndogo aliyoisahau Nafisa, nikaiacha palepale. Nikabonyeza ile saa ya kamera, nikaenda kusimama mbele ya ukuta mweupe. Mtu akiambiwa simama, husimama wima kama mwanafunzi, na mimi nilianza hivyo. Nikajirekebisha. Taa nyekundu ilikuwa imeanza kupepesa. Nikaweka uzito wote kwenye mguu wa kulia, nikaukunja wa kushoto kidogo, nikashika kiwiko kwa nyuma kwa mkono mmoja, tumbo mbele, kama mtu asiye na haraka, jinsi Nafisa anavyosimama.